Motoka Isiyo na Jina

Picha yenyewe inaenea kiganjani. Kona moja imeliwa na mchwa, na katikati umepita ufa mweupe wa kukunjwa. Imo motoka ya wazi, turubai lake limekunjwa nyuma. Magurudumu yana njiti nene za mbao, na rejeta yake inang'aa hata kwenye karatasi iliyofifia. Nyuma ya usukani amekaa Mzungu mwenye kofia ya jua. Mbele, ameinama kidogo, mkono ukiwa kwenye hendeli, yupo kijana Mwafrika anayeitazama kamera. Kando yao kuna kichuguu kirefu kuliko mtu. Mgongoni mwa picha pameandikwa neno moja tu kwa penseli: E'ville.

Aliyenionyesha ni mama mmoja wa Kamalondo, mtaa mkongwe wa mji wetu wa Lubumbashi. Aliitoa katika sanduku la bati, akaipangusa kwa kanga, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Mutoto yangu, hii motoka ilitokaka wapi?»

Nilidhani ameuliza swali moja, nikaondoka kwenda kulitafutia jibu moja. Nimekaa na picha hiyo muda mrefu sasa, na katika kuisoma nimejikuta nikipita katika elimu za watu mbalimbali: wapenda magari wa Ulaya na Marekani, mabaharia wa pwani yetu ya mashariki, na watunza kumbukumbu wa Katanga. Wote wanajua kukitazama chombo na kusema kilikotoka. Lakini neno «kutoka» halina maana ileile kwao wote, na hilo ndilo ninalotaka kulionyesha hapa.

Nianze na wenye magari, kwa kuwa wao wamelima shamba hili kwa bidii kuliko wengine. Uingereza ina Veteran Car Club tangu 1930, na sehemu kubwa ya heshima yake inatokana na kuyapa magari ya kale tarehe zao. Wanatazama namba za chesisi, injini, ekseli na mwili, kisha wanatoa hukumu: hili ni la mwaka fulani. Mwaka mmoja kwao una uzito. Msafara wa kila mwaka wa kutoka London hadi Brighton hupokea magari yaliyoundwa kabla ya 1905 tu, hivyo gari la 1904 lina mlango ambao ndugu yake wa 1905 hana. Ubelgiji, iliyotutawala, nayo ina jumba la Autoworld mjini Brussels tangu 1986, ambapo mtu anaweza kusimama mbele ya Minerva ya kweli, gari la Kibelgiji, na kuilinganisha na gari la picha aliyo nayo.

Watu hawa hawaanzi na jina, wanaanza na uso. Rejeta ndiyo uso wa gari. Renault za zamani zilificha rejeta nyuma ya injini, boneti ikateremka mbele kama paa la banda, na mtindo huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Delaunay-Belleville ya Ufaransa ilikuwa na rejeta ya mviringo, ukumbusho wa mabwela ya mvuke ambayo kampuni hiyo iliyatengeneza kabla ya kuingia katika magari. Métallurgique ya Ubelgiji ilichongoka mbele kama omo la mashua. Rolls-Royce ilivaa umbo la hekalu la Kigiriki. Mwenye macho yaliyozoea huyajua haya kwa mbali, kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake kwa pembe.

Baada ya uso, taa. Magari ya mwanzo yaliwaka kwa gesi ya karabai, maji yakidondokea mawe ya kabidi ndani ya kopo la shaba. Ni taa ya ukoo mmoja na ile waliyoivaa wachimba migodi, nasi katika mji wa migodi hatuhitaji kufafanuliwa sana. Taa za umeme zilipoenea katikati ya miaka ya 1910, makopo yakatoweka, na picha yenye makopo hayo ikawa na mpaka wa tarehe. Kisha matairi. Mpira wa asili uliochanganywa na unga wa zinki ulikuwa mweupe au wa kijivu. Weusi tuuzoeao leo ulikuja pale viwanda vilipoanza kutia masizi, nako ni miaka hiyohiyo ya 1910. Kwa hiyo tairi jeupe katika picha ya kale si urembo. Ni tarehe.

Niliichukua picha ya mama nikaipitisha katika tundu hizo za sindano moja baada ya nyingine. Rejeta ni ya shaba ya njano, ndogo, bapa, yenye mabega. Chini yake, badala ya springi mbili zinazolala kwa urefu wa gari, iko moja iliyokaa kwa upana, imepinda kama upinde juu ya ekseli. Hiyo ni Ford Model T. Zilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na rejeta ya shaba inayoonekana iliishia kwa magari ya 1916. Baada ya hapo ilifunikwa kwa bati jeusi. Kwa hiyo chuma hiki kiliundwa kabla ya 1917. Haya ni maarifa ya kweli na nayaheshimu. Karatasi iliyoliwa na mchwa imetoa jina na mpaka wa miaka kwa sababu watu fulani walikaa na kuhesabu springi.

Ila kuna mtego, na hapa ndipo elimu hiyo inaponivutia zaidi. Usukani katika picha uko kulia. Mtu wa haraka atasema: basi si gari la Mbelgiji, kwa maana Ubelgiji huendesha kulia mwa barabara na usukani wake hukaa kushoto. Atakosea. Magari mengi ya fahari ya Ubelgiji na Ufaransa, Minerva miongoni mwao, yalikuwa na usukani kulia hadi ndani ya miaka ya 1920. Na kabla hata ya kubishana juu ya usukani, lazima uhakikishe kwamba picha haikusafishwa kinyume. Kioo cha negativu kikigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto, na dunia nzima inahama. Dawa yake ni kutafuta maandishi, au vifungo vya koti: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Koti la Bwana yule lilifungwa inavyostahili. Picha ni sahihi, usukani uko kulia kweli.

Kwa Ford, hilo linasema jambo. Model T zilizouzwa Marekani tangu mwanzo zilikuwa na usukani kushoto. Zenye usukani kulia kwa ajili ya makoloni ya Waingereza zilitoka Kanada, katika kiwanda cha Walkerville, Ontario, kilichokuwa na haki ya kuuza katika himaya yote nje ya Uingereza yenyewe. Mwili nao unashuhudia: gari la wazi lililoundwa Marekani kwa miaka mingi halikuwa na mlango wa kweli mbele kushoto, bali umbo la mlango lililobonyezwa katika bati, wakati lile la Kanada lilikuwa na mlango unaofunguka. Katika picha ya mama mlango wa mbele kushoto umeachwa wazi, na kitasa kinaonekana. Motoka hii ilizaliwa Kanada.

Na kutoka Kanada ilifikaje penye kichuguu? Reli inajibu. Mji wetu, ambao wakati huo uliitwa Élisabethville, E'ville kwa kifupi, ulianzishwa 1910, na mwaka uleule reli ya kusini ikafika, baada ya kuvuka mpaka Sakania. Kabla ya 1918, reli ilipofika Bukama kwenye mto Lualaba, mzigo mzito kama gari haukuwa na njia nyingine ya maana ila ya kusini: kushushwa meli Cape Town au Beira, kupandishwa behewa, kupita Bulawayo, daraja la Maporomoko ya Viktoria, Broken Hill ambayo leo ni Kabwe, ndipo Katanga. Milango iliongezeka baadaye. Reli ya Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma 1914. Tangu 1921 Wabelgiji walikuwa na maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyoitwa Belbase, na mzigo uliweza kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Albertville, Kalemie ya leo, kisha Kabalo, kisha kupanda Lualaba. 1922 Ford ikafungua kiwanda Antwerp. 1928 reli yetu ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo, na 1931 ikaunganishwa na ile ya Benguela hadi bahari ya Atlantiki huko Lobito. Kwa hiyo motoka ya Katanga ya 1913 na ya 1932, hata zikiwa za jina moja, zinaweza kuwa zimetoka pande mbili za dunia.

Lugha nayo inanong'ona. Sisi Lubumbashi tunasema motoka, watu wa pwani walisema motokaa, na wote tumelitoa katika Kiingereza, wala si katika Kifaransa cha waliotutawala. Lingala pia husema motuka, hivyo neno peke yake haliwezi kuthibitisha njia ya reli. Lakini linakubaliana na mji wa miaka ile, ambao Kiingereza kilisikika katika kila duka na pesa ya Kiingereza ikatembea mikononi. Anayeendesha tunamwita shofeli, kutoka chauffeur, neno la Kifaransa ambalo mwanzo lilimaanisha mchochea moto wa bwela. Pwani humwita dereva. Na yule msaidizi wa lori, taniboi, alipewa jina hilo kwa Kiingereza kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha hendeli. Kijana wa pichani ana cheo katika kamusi, kumbe.

Nilimrudia mama na jibu langu la Walkerville na Beira. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya picha. Hakukiweka kwenye rejeta. Alikiweka juu ya kijana. «Aksanti sana. Huyu njo baba yangu.»

Nikaona nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuuliza.

Kuna picha maarufu zinazoonyesha kasoro hii kwa ukubwa wake. Tarehe 10 Agosti 1907, afisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kuivuka Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Alipita kusini mwa Ziwa Tanganyika na kushuka kupitia nchi ambayo leo ni Zambia, jirani zetu kabisa, kabla Élisabethville haijawa mji. Gari lake linajulikana hadi misumari: liliundwa na kiwanda cha Gaggenau kusini mwa Ujerumani, mwili umeinuliwa juu ili kupita visiki na mawe. Mtu asiye makini angeliita Benz, kwa kuwa miaka michache baadaye Benz ilikinunua kiwanda hicho na jina la awali likafa. Wapenda magari hawafanyi kosa hilo. Lakini tazama picha za safari ile: gari ndani ya mto, na kamba, na mikono mingi juu ya kamba. Petroli ilitangulizwa kwa vichwa vya wapagazi na kuwekwa vituoni. Katika sehemu nyingi gari halikuivuka Afrika, lilivushwa. Tunajua injini ilikuwa na silinda nne. Walioshika kamba hatuna majina yao, ingawa wamo ndani ya picha, mbele ya kamera ileile, wakimulikwa na jua lilelile.

Sisemi kwamba wapenda magari wana nia mbaya. Elimu yao ilizaliwa katika nchi zenye daftari la kiwanda, daftari la leseni na daftari la kodi, na macho yao yamefundishwa kutafuta kilichomo katika daftari. Mwenye gari yumo. Mzungusha hendeli hayumo.

Sasa niende pwani, maana kule iko elimu kongwe ya jambo hilihili. Mzee wa Lamu au Unguja akiketi barazani, chombo kikiwa bado ukungu juu ya maji, alikuwa na uwezo wa kusema ni chombo gani na kinatoka wapi. Alitazama omo na tezi. Jahazi la Lamu lina omo lililosimama wima na tezi iliyokatwa mraba. Bumu la Kuwait na Ghuba limechongoka mbele na nyuma. Sambuki ina omo lililopinda kama jambia. Ganja ya Sur, Omani, ina kichwa cha omo kilichochongwa kama ua na tezi yenye nakshi. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja: mbao zimeshonwa kwa kamba, tanga ni mkeka wa mraba, na kwenye omo pamechorwa jicho. Ni kazi ileile ya kusoma rejeta, ila imeanza karne nyingi kabla ya rejeta.

Na kwa mtepe, uliotoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, kazi hiyo imegeuka kuwa kama yangu na picha hii. Katika kuta za lipu za majumba na misikiti ya zamani ya pwani, Kilwa na Gede miongoni mwake, watu walichora vyombo kwa ncha ya kisu au msumari. Peter na Margaret Garlake waliichunguza michoro hiyo na kuchapisha matokeo yao 1964, wakilinganisha milingoti, matanga na maomo ili kujua ni vyombo vya namna gani. Hakuna jina chini ya michoro. Kuna umbo tu, na mkono wa mtu aliyekijua chombo kiasi cha kukichora bila kukitazama.

Lakini tofauti ndiyo hii. Mzee wa baraza hakuishia kwenye umbo. Akishasema «bumu», swali linalofuata ni la nahodha: ni cha nani, nani nahodha, nani mabaharia, kimekuja na msimu wa kaskazi mwanzoni au mwishoni, kimebeba tende au chumvi, kitaondoka na boriti za mikoko kutoka Rufiji. Chombo kinachotia nanga kinatia nanga na watu wake: kuna deni, kuna ndoa, kuna mtu wa kumpokea. Mwaka 1938 na 1939 Alan Villiers, baharia Mwaustralia, alisafiri katika bumu la Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji, akapiga picha nyingi. Picha hizo zina thamani leo kwa sababu alijua majina ya waliokuwa wakivuta kamba, na akayaandika. Mweke kando ya Graetz uone. Wote wawili wana chombo, kamba na jasho. Mmoja alikaa na mabaharia akala nao miezi, mwingine aliwapita wapagazi kituo baada ya kituo.

Na si mimi niliyelazimisha jahazi na gari kukaa meza moja. Kiswahili kilifanya hivyo zamani. Usukani lilikuwa jina la ubao wa nyuma ya chombo unaokiongoza majini. Gari lilipokuja, watu wa pwani hawakutafuta neno jipya, waliuhamisha usukani kutoka tezi hadi kwenye gurudumu lililo mbele ya dereva.

Turudi Katanga, kwenye kidole cha mama. Waluba, ambao nchi yao iko kaskazini mwa mji wetu, walikuwa na ubao wa kumbukumbu unaoitwa lukasa. Unaenea mkono wa kushoto, umepigiliwa shanga na simbi, na kidole cha mkono wa kulia hutembea juu yake. Wasomaji wake walikuwa watu wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kwa miaka. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake, mstari unaweza kuwa njia au uhamisho. Ubao mmoja ungeweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na msomaji, wasikilizaji na sababu ya kukusanyika. Kidole cha mama kilikwenda kwenye picha namna hiyo: kutoka kwa kijana hadi kichuguuni, «kule njo walikuwaka wanafyatula matofali», kutoka kichuguuni hadi kwa Bwana, kutoka kwa Bwana hadi motoka. Motoka ilikuja mwisho. Kwake ni ushanga mdogo uliomzunguka mtu.

Mji wetu ulirithi namna hiyo ya kusoma na kuipa nguo mpya. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa, historia ya Élisabethville kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, mabawabu na wapishi na maboyi. Ni mji ulioelezwa na mikono iliyofua nguo za waliojiona kuwa wenye mji. Ninawahimiza Waswahili wa pwani waisome. Wataona Kiswahili kisichowaomba ruhusa. Miaka michache baadaye, 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya 100, na kumsimulia kila moja mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Picha za namna hiyo zilitundikwa sebuleni katika nyumba za wafanyakazi, na watu walikuwa na neno moja la kuzisifu: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokukumbusha, inayokufanya useme na wengine wakusikilize. Katika miaka yetu hii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi na kuziweka juu ya magofu ya viwanda vya leo, katika mfululizo aliouita Mémoire, 2006. Amewarudisha watu mahali walipotolewa jasho, na mtazamaji hawezi tena kuutazama mtambo peke yake.

Nitasema wazi ninavyoona. Ukumbusho unaona asichokiona mpenda magari: nani anamwamuru nani, nani anasimama na nani anakaa. Lakini nao una udhaifu, na sisi tulio ndani yake tusiufiche. Unachanganya miaka. Bwana mmoja anabeba matendo ya mabwana watatu, na motoka ya 1915 inapewa mwaka wa 1940. Historia isiyo na tarehe huweza kupuuzwa kirahisi na mwenye nguvu, na sisi Wakatanga tumepuuzwa vya kutosha. Springi ya upana na rejeta ya shaba zilinipa kitu ambacho simulizi la mama halikuwa nacho, yaani kwamba chuma kile kiliundwa kabla ya 1917. Na yeye alinipa kitu ambacho rejeta haikuwa nacho: kwamba baba yake alikuja mjini kwa miguu akiwa kijana, na kwamba bwana yule aliinunua motoka kwa mtu mwingine, ikiwa tayari imezeeka. Kwa hiyo picha haiwezi kupewa tarehe ya gari. Gari lilitangulia, picha ikafuata miaka kadhaa baadaye. Wapenda magari wanalijua onyo hili nao, kwamba gari husema picha ilipigwa baada ya lini, wala halisemi kabla ya lini. Ila ilihitajika sauti ya Kamalondo kulitia maana.

Tahadhari nyingine tuichukue Bamako. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake 1948, aliwapiga picha wateja wakiwa wameegemea Peugeot 203. Mjukuu akiiona leo anaweza kuapa kwamba babu alikuwa na gari. Gari lilikuwa la mpiga picha. Kushika si kumiliki, na mkono wa Bwana kwenye usukani nao uhojiwe kama mkono wa kijana kwenye hendeli.

Kati ya elimu hizi, kama nikilazimika kuchagua ya kufuata, nafuata ya baraza la pwani, kwa sababu haikutenganisha umbo la chombo na watu waliomo. Mpenda magari huuliza kiwanda, mtu wa ukumbusho huuliza bwana, na mzee wa Lamu huuliza omo na nahodha kwa pumzi moja.

Na tukiliuliza swali la asili hadi chini kabisa, tunajikuta nyumbani. Magari ya mwanzo ya Paris na Antwerp, yale ya kabla ya 1908, yalitembea juu ya mpira ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa bado unatoka porini, Amazon na Kongo. Antwerp lilikuwa soko kubwa la mpira wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1904, mwaka ambao ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, kuhusu ukatili wa Kongo ilichapishwa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha huko Baringa baba aliyeitwa Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo nayo ni ya historia ya magari. Anayekusanya picha za gari la 1904 lenye matairi meupe, akiwa mkweli, aiweke katika albamu hiyohiyo. Katanga nayo ilitoa chake: tanuru ya kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi 1911, na reli ileile iliyotuletea motoka kutoka Beira ilibeba shaba kuipeleka Beira.

Siku ya mwisho nilipokwenda Kamalondo tulichukua penseli, si kalamu ya wino, kwa maana wino hupenya karatasi na kuharibu uso wa picha. Chini ya neno E'ville tuliandika jina la baba yake, kijiji alikotoka, kazi aliyoifanya, jina la bwana kama yeye alivyolitamka, kisha: Ford ya Kanada, iliundwa kabla ya 1917, ilinunuliwa ikiwa imetumika. Tukaandika pia jina la aliyesimulia na siku aliyosimulia. Nikapiga picha pande zote mbili, mbele na mgongoni.

Msomaji, kama nyumbani kwenu liko sanduku la namna hiyo, iwe Lubumbashi, Likasi, Kigoma, Tanga au Muscat, na kama yupo mzee anayewajua walio pichani, nenda kakae naye wiki hii. Muulize kuhusu watu kwanza. Gari litasubiri.